Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Vitambulisho: tazameni uso, mtandio tuachieni wenyewe

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Tunakuandikia kuhusu agizo linalotolewa kwenye vyumba vya picha za vitambulisho: mwanamke avue mtandio kwanza, ndipo apigwe picha. Sisi ni wanawake Waislamu, na kupiga picha hizi ndiyo kazi yetu. Agizo hilo halina msingi, si wa kisheria wala wa kiufundi.

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, katika Hati namba 9303 yenye kanuni za pasipoti na hati nyingine za kusafiria, linaiachia mamlaka ya nchi ikubali vazi la kichwani kwa sababu ya dini. Kinachotakiwa kuonekana ni uso: kutoka chini ya kidevu hadi kwenye paji, na pande zote mbili, bila kivuli. Mwaka 2011 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa iliamua shauri la Singasinga aliyetakiwa na Ufaransa avue kilemba kwa ajili ya picha ya kibali cha ukaazi. Kamati iliona haki yake ya dini imevunjwa, kwa kuwa serikali haikueleza ni vipi kilemba kinachoacha uso wazi kingezuia kumtambua mtu aliyekivaa siku zote.

Picha ikiharibika, mtandio ndio hulaumiwa, ilhali tatizo liko kwenye taa. Taa moja ikining'inia juu, ukingo wa kitambaa kilichoshuka kwenye paji hutupa kivuli machoni. Mwombe mwenyewe ausogeze nyuma mpaka nywele zinapoanzia, kisha weka taa mbili, moja kila upande, kwa pembe ya nyuzi 45 hivi. Mtandio mweusi una taabu yake: kamera inayojipimia mwanga hudhani chumba ni cha giza, huongeza mwanga, na uso hutoka mweupe usio na alama. Pima mwanga shavuni. Mtandio mweupe mbele ya ukuta mweupe hupoteza ukingo wa kichwa, basi badilisha pazia liwe la kijivu hafifu. Satini inayong'aa hurudisha mwanga mashavuni, na pini ya kumeremeta vilevile.

Kosa linalotuudhi zaidi ni la kipimo. Kichwa, kuanzia kidevu hadi utosi, kinatakiwa kujaza asilimia 70 hadi 80 ya urefu wa picha. Mwanamke aliyefunga nywele fundo chini ya mtandio huonekana na kichwa kirefu, na mpiga picha akipima kuanzia kilele cha kitambaa, uso hutoka mdogo na picha inakataliwa. Utosi ukadiriwe mahali fuvu lilipo. Chini nako, mkunjo upite nyuma ya taya, usikilalie kidevu.

Kwa anayevaa nikabu, uso lazima uonekane, hilo hatulipingi. Tunachoomba ni mpiga picha mwanamke, pazia, kioo, na muda wa kujifunga upya asihimizwe.

Sasa tuliseme lililo zito. Asiulizwe mume wala baba. Asidaiwe barua ya imamu. Aliyekuja kichwa wazi asirudishwe akajifunike kwa sababu jina lake ni la Kiislamu, maana hiari inayolindwa upande mmoja tu si hiari. Mwaka 2000 Kamati hiyohiyo ya Haki za Binadamu ilionya, katika Maoni ya Jumla namba 28, kwamba kuwapangia wanawake mavazi hadharani kunaweza kuvunja haki zao kadhaa. Na aliyebadili uamuzi baada ya miaka mitano, akavaa au akaacha, kitambulisho chake kibaki halali, kwa sababu macho, pua na mdomo ni vilevile.

Tunaomba agizo lifutwe kwa waraka wa maandishi, wenye picha za mfano za wanawake waliojifunga mtandio, ubandikwe kila chumba cha picha. Waliokwisha kukataliwa waitwe wapigwe picha upya bila kulipa tena.