YAH: Malalamiko kuhusu programu yenu ya kupima moyo kwa ultrasaundi ya pande tatu

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Napima mioyo kwa ultrasaundi kila siku ya kazi, na programu yenu ilinipunguzia mzigo mkubwa. Inatafuta yenyewe kuta za ventrikali ya kushoto, chumba cha moyo kinachosukuma damu mwilini, inakokotoa ujazo na kutoa jibu kabla mgonjwa hajamaliza kufunga vifungo. Niliizoea nikaiamini, ndiyo maana yaliyotokea baada ya toleo jipya yameniuma.

Mgonjwa ni mama anayetibiwa saratani ya matiti kwa doksorubisini, dawa inayoweza kudhoofisha misuli ya moyo, hivyo hupimwa kila baada ya muda. Kabla ya tiba, ventrikali yake ilijaa mililita 112 na kubakiza 47 ikikaza: asilimia 58 ya damu ilisukumwa nje. Safari hii programu ilisoma 106 na 56, yaani asilimia 47. Pointi 11 zikishuka, hakuna daktari atakayefumba macho. Dozi iliahirishwa. Mama yule, jeli haijakauka kifuani, aliniuliza, "Kwani na moyo nao umeanza kuharibika?" Sikuwa na la kumjibu.

Jioni niliifungua rekodi yake ya kwanza, ile ile ya asilimia 58, nikaipitisha kwenye toleo jipya. Ikasoma 48. Nikachora mipaka kwa mkono kwa njia ya Simpson, inayogawa ventrikali katika vipande vyembamba na kujumlisha ujazo wake, kwenye rekodi zote mbili, nikapata 58 na 57. Moyo wa mama ni ule ule. Kilichobadilika ni programu yenu. Kwenye mipangilio nilikuta mstari wa mpaka umesogezwa ndani moyo unapojaa, na nje unapokaza. Ujazo wa kwanza lazima upungue na wa pili uongezeke. Maelezo ya toleo hayana hata sentensi moja kuhusu hilo.

Nilipopiga simu niliambiwa nihakikishe picha ni safi. Zilikuwa safi. Najua rekodi ya mapigo kadhaa yaliyounganishwa huacha mshono mgonjwa akipumua au mapigo yakipishana. Hapa hapakuwa na mshono wowote. Na hata pangekuwepo, programu ingetoa namba vilevile bila onyo, jambo ambalo nalo halikubaliki.

Nataka mpangilio wa awali urudishwe, na kila ripoti ichapwe ikionyesha toleo lililotumika na mpaka ulivyowekwa. Zaidi ya yote, waandikieni wateja wote wenye toleo hili, ili waliopimwa tangu lilipotoka wasomwe upya. Huyu mmoja tumemwahi, ingawa dozi yake ilichelewa wiki nzima akiwa na hofu ambayo haikuwa na sababu.

Nimeambatisha rekodi zote mbili, jina la mgonjwa likiwa limeondolewa. Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14.

Wenu,
Mpimaji wa moyo, kitengo cha ultrasaundi