Mama wa ndizi pale Mbuyuni, asante

Mama uliyekuwa unauza ndizi mshare soko la Mbuyuni, Moshi, Jumamosi ile ya mvua: sikukuuliza jina. Nafundisha wanangu wawili nyumbani, mwaka wa tatu sasa, na siku ile nilikuwa nimechoka hadi roho. Nilimfokea mdogo mbele za watu kwa kushindwa kuzidisha kwa saba, kisha machozi yakanitoka mimi. Ukanigeuzia ndoo nikae. "Pumzika mwanangu, hesabu hazikimbii." Ukawapa watoto mkungu wahesabu vichane, halafu ndizi za kila kichane. Kumbe saba mara tatu anaijua! Nami nikasinzia, nimeegemea gunia. Tangu hapo, Ijumaa hatufungui daftari. Asante sana, mama. Nitakuja kukutafuta.