Siku ya sayansi iwe ya mikono ya watoto, si ya mgeni rasmi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo moja kuhusu siku za sayansi zinazoandaliwa katika shule zetu za msingi, ambazo nia yake ni njema na sina ugomvi nayo hata kidogo. Nimefundisha sayansi kwa miaka 29 katika Mkoa wa Morogoro, na sasa nimestaafu, lakini nina mjukuu darasa la nne. Kwa hiyo shule inapowaalika wazazi huenda, nikakaa chini ya turubai pamoja na wengine.

Hivi karibuni nilihudhuria siku ya namna hiyo katika shule moja ya manispaa yetu, ambayo sitaitaja kwa sababu walimu wake walijitahidi na kwa sababu shule nyingi hufanya vivyo hivyo. Meza zilifunikwa vitambaa, na nyuma ya kila meza walisimama watoto wawili waliovaa sare zilizopigwa pasi, mmoja ameshika kijiti cha kuelekezea kwenye manila. Mgeni rasmi alipofika mezani, mtoto alianza kwa sauti ya ngonjera, "Mgeni rasmi, huu ni mzunguko wa maji," akaenda mpaka mwisho bila kumeza mate. Mgeni rasmi alipopita, nilimwinamia yule mwenzake nikamuuliza, kwa sauti ya chini ili nisimharibie, kwa nini mfuniko wa sufuria ya wali huwa na matone kwa ndani. Alimtazama mwenzake, akamtazama mwalimu, kisha akanijibu kwa adabu zote, "Shikamoo babu." Wanafunzi wengine, ambao walikuwa mamia, walikaa chini ya mwembe wakisubiri, na mwishowe wakapitishwa mbele ya meza kwa mstari mmoja, mikono nyuma, wakikumbushwa kila hatua kwamba wasiguse kitu. Ndivyo pia tunavyowapitisha katika viwanja vya Nanenane kila Agosti, ila kule angalau kuna ng'ombe.

Mtoto wa umri wa miaka minane au kumi hajui kitu kwa kuambiwa. Anakijua kwa kukishika, kukimwaga, kukiharibu na kujaribu tena. Siku ya sayansi ambayo mtoto hatoki na vidole vilivyolowa imekuwa mahafali ya pili. Nasema hivi nikikiri kwamba hata mimi, miaka yangu ya mwanzo kazini, nilikuwa nawaandikia watoto risala za kukariri, na nilikuwa najivunia walipozisema bila kukwama.

Kilichonibadilisha ni choya. Nilichemsha konzi moja ya choya kavu, ile ile tunayoitengenezea juisi, nikapata sufuria ya maji mekundu yaliyotosha darasa la watoto 93. Niliwagawa katika makundi, kila kundi likapata vikombe vitatu vya plastiki: cha kwanza kamulia ndimu, cha pili tia chembe ya magadi, cha tatu kiache kama kilivyo ili mpate cha kulinganishia. Kwenye ndimu wekundu ulikolea, na hilo halikumshangaza mtu. Kwenye magadi ndipo kelele zilipoanza, maana rangi ilififia, ikawa ya kijivu yenye zambarau, kisha ikageuka kijani mbele ya macho yao. Sikuwa nimepanga kitu zaidi ya hapo. Lakini msichana mmoja wa kundi la nyuma, bila kuomba ruhusa, alichukua kipande cha ndimu kilichobaki akakikamulia kwenye kikombe cha kijani; povu likapanda mpaka ukingoni, na lilipotulia wekundu ukawa umerudi. Akauliza, "Mwalimu, hii hewa imetoka kwenye ndimu au kwenye magadi?"

Sikumjibu, na naamini hiyo ndiyo kazi bora niliyoifanya mwaka ule. Niliwarudishia swali wenyewe, na baada ya mabishano makali walikubaliana kubadilisha kitu kimoja kimoja. Walitia ndimu kwenye chumvi, povu halikutoka. Walitia siki kwenye magadi, povu likatoka. Wakahitimisha kwamba popote penye povu palikuwa na magadi, kwa hiyo hewa ile ilikuwa imefungwa humo, na ndimu au siki huifungua tu. Tuliteremsha njiti inayowaka ndani ya glasi juu ya povu, nayo ikazima, na hapo ndipo nilipowatajia jina la kabonidaiyoksaidi, ambalo kwa kawaida tunawakaririsha kabla hawajaiona ikifanya chochote. Wiki iliyofuata waliuliza magadi yanatoka wapi, tukafika Ziwa Natron na Ol Doinyo Lengai, mlima ambao hata lava yake ni ya jamii ya magadi, jambo ambalo halijulikani kwa volkano nyingine yoyote iliyo hai duniani. Mwalimu wa jiografia alikuja kunilaumu kwamba nimemwingilia somo. Gharama ya vyote hivyo haikufikia kodi ya kiti kimoja cha plastiki cha wageni waalikwa, nikikadiria kwa hasira kidogo.

Wapo watakaosema hayo ni michezo ya jikoni. Nawakumbusha Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, yeye na wenzake walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa ya kuchemsha yenye sukari, ambayo kwa utaratibu yalitakiwa yapoe kwanza kabla ya kuwekwa kwenye friza. Kwa kuhofia kukosa nafasi, aliyaweka yakiwa ya moto, na baada ya saa moja na nusu yake yalikuwa yameganda wakati ya mwenzake aliyeweka ambayo hayakuchemshwa yalikuwa bado hayajaganda. Alipouliza sababu aliambiwa amechanganyikiwa, na baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, alikejeliwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia. Alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyekuwa ametembelea shule, wanafunzi wenzake wakacheka. Lakini Osborne alirudi chuoni akalijaribu jambo lenyewe, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala. Wanafizikia wanabishana mpaka leo kama jambo hilo hutokea kweli na kwa sababu gani, na wanapobishana wanalitaja kwa jina la kijana aliyekuwa na maziwa, friza na ukaidi wa kuuliza.

Mpemba alikuwa sekondari, na huko ndiko nguvu zetu nyingi ziliko hadi sasa. Maonyesho ya Young Scientists Tanzania, yaliyoanza mwaka 2012, yamewapa nafasi nzuri vijana wa sekondari kuonyesha tafiti zao, na nayaheshimu sana. Hata hivyo mtoto anayefika huko bila kuwahi kushika sumaku anafika akiwa ameshazoea kwamba sayansi ni kitu cha kuandika daftarini. Tena shule ya msingi ya serikali ina utajiri ambao sekondari haina: sayansi yake hufundishwa kwa Kiswahili, lugha ambayo mtoto anaweza kubishana kwayo, kukosea kwayo na kusema "hapana, tazama tena" bila kutafuta neno. Shule iliyo na utajiri huo, halafu ikamvisha mtoto risala ya kukariri, inautupa bure.

Kuhusu wingi wa wanafunzi, ambao najua ndio utakuwa jibu la kwanza la walimu wakuu, nimeona ikiwezekana kwa meza sita, kengele ya kila dakika 15, na wanafunzi wa darasa la saba wakisimamia meza badala ya kukaa mbele kama wageni. Yai linalozama kwenye maji ya bomba na kuelea kwenye maji ya chumvi halihitaji bajeti. Sumaku iliyotolewa kwenye spika bovu, ikiburutwa mchangani ndani ya mfuko wa plastiki, hukusanya chembe nyeusi ambazo watoto huzigombea kuliko peremende. Mwalimu awepo penye moto, na asimruhusu mtoto yeyote kuonja magadi wala kulitazama jua.

Naam, jua. Sisi wa Morogoro, kama wenzetu wa Dar es Salaam na Dodoma, tunapitiwa na jua la utosi mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba. Siku hizo, kidogo baada ya saa sita mchana, kijiti kilichosimikwa wima uwanjani hakina kivuli. Kabla ya siku hiyo ya Oktoba kivuli cha adhuhuri huangukia upande wa kusini, na siku zinazofuata huangukia kaskazini. Mwanza hututangulia, mwishoni mwa Septemba, na Songea hutufuata, kwa hiyo shule za mikoa mbalimbali zinaweza kupeana matokeo kwa simu na watoto wakajiuliza wenyewe kwa nini tarehe hazilingani.

Ninaomba wakuu wa shule wa manispaa yetu wanaopanga siku ya sayansi ya muhula huu waipeleke kwenye juma hilo la Oktoba, na kila mtoto aje na kijiti chake. Mgeni rasmi naye anakaribishwa, mradi aje na cha kwake.

Mwalimu mstaafu,
Kihonda, Morogoro