Maktaba haihuishwi kwa tabuleti

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wenu kimya kwa miaka mingi, lakini ile taarifa yenu ya uzinduzi wa "maktaba ya kisasa" imenishinda kuimeza. Mlituonyesha mgeni rasmi, utepe, na tabuleti zikiwa bado na nailoni zake. Hamkuuliza vitabu vilivyokuwa rafuni vimeingizwa kwenye katalogi na nani, wala umeme ukikatika ni huduma gani inayobaki.

Tuanze na hesabu ambayo mwandishi wenu hakuipiga. Kuhamisha kitabu kimoja kutoka kwenye kadi hadi kwenye kompyuta humchukua mkutubi mzoefu kama dakika nane. Anatafuta rekodi iliyokwisha kutengenezwa na maktaba kubwa (Maktaba ya Bunge la Marekani, kwa mfano, huruhusu rekodi zake kunakiliwa bure kwa itifaki ya Z39.50, njia ya kompyuta za maktaba kuulizana na kupeana rekodi), anailinganisha na kitabu kilicho mkononi, anabandika lebo ya msimbopau, anaandika namba ya rafu mgongoni mwa kitabu. Vitabu 10,000 ni zaidi ya saa 1,300. Mtu mmoja akipata saa sita za kazi hiyo kwa siku, atahitaji siku 222, karibu mwaka mzima wa kazi, na wasomaji nao wanasubiri mezani. Programu yenyewe ya katalogi haina tatizo: Koha, kwa mfano, imetumika tangu Januari 2000, ilipoanza huko Horowhenua, Nyuzilandi, na haidai leseni. Mkutubi ndiye anayedai mshahara, na mshahara huo ndio usioonekana kwenye bajeti za wafadhili.

Na hapo nimezungumzia vitabu vyenye rekodi mahali fulani! Vijitabu vya ufugaji, vya afya ya uzazi, hadithi zilizochapwa na wachapishaji wadogo, vitabu vya lugha ambazo maktaba kubwa hazikusanyi, vyote hivyo mara nyingi havina hata ISBN, ile namba ya kimataifa ya kitabu. Kila kimoja lazima kiorodheshwe kuanzia sifuri, na nusu saa inakwisha hivi hivi. Kinachotokea kinajulikana: mradi unaanza na vile vyepesi vya Kiingereza, muda unakwisha, na hivi vinavyoulizwa kila siku vinabaki kwenye maboksi kwa sababu kompyuta "haivijui". Hata vinavyoingia huingia vibaya. Rekodi ya kuazima huja na vichwa vya mada vya Kiingereza katika uga wa 650 (sehemu ya rekodi inayotaja mada ya kitabu), basi mfugaji akiandika "minyoo ya kuku" anajibiwa kwamba hakuna kitu, na kitabu kiko nyuma yake rafuni! Dawa yake ni ya dakika moja: ongeza maneno ya Kiswahili katika uga wa 653, ulio wa maneno ya ziada ya kutafutia, kwa kufuata orodha moja iliyokubaliwa na wote, maana mmoja akiandika "kuku", mwingine "ufugaji wa ndege" na wa tatu "mifugo", mmejenga vurugu mpya juu ya ile ya zamani. Lakini jambo hilo halipigiki picha, kwa hiyo halimo kwenye mradi, na kwa kuwa halimo kwenye mradi, halimo gazetini.

Kuna maktaba moja, jina nalihifadhi, iliyofanya kazi yote hiyo vizuri, kisha umeme ukarudi kwa kishindo usiku na diski ya seva ikafa. Nakala rudufu zilikuwepo. Koha ikisakinishwa kwa vifurushi vya Debian (mfumo endeshi wa bure wa kompyuta) huzitengeneza kila usiku, ila huzihifadhi kwenye mashine ileile hadi mtu aelekeze vingine. Hakuna aliyeelekeza. Diski ya pili ya nje, inayobadilishwa kila Ijumaa na kulala jengo jingine, ingetosha, pamoja na jaribio la kurejesha data kila baada ya miezi mitatu. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni matumaini tu.

Umeme nao una hesabu yake. Kompyuta ndogo ya wati 20, ikiwaka saa 24 kama seva, hula wati-saa 480 kwa siku. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara unaiua, kwa hiyo una 600 za kutumia. Inatosha siku moja. Ukiiweka kwenye kabati la joto umepunguza umri wake: kila nyuzi 10 za selsiasi juu ya 25 hukata maisha ya betri hizo kwa takriban nusu. Kwa wasio na intaneti, Kiwix (ya kusomea nakala za tovuti kama Wikipedia) na Kolibri (ya masomo) hufanya kazi bila mtandao. Ziwekwe kwenye diski ya SSD badala ya kadi ya kumbukumbu, ambayo huharibika upesi umeme unapokatika ghafla.

Na maadamu nimeshika kalamu: acheni kusifia makontena ya vitabu vya msaada. Kitabu cha sheria za kodi za nchi nyingine, toleo lililokwisha kufutwa, hula nafasi ya rafu na zile dakika nane kama kitabu kingine chochote. Huko Garissa, Kenya, tangu 1996 huduma ya maktaba ya taifa imekuwa ikiwafikishia wafugaji vitabu kwa ngamia. Hapo mtu alianza kwa kuuliza wasomaji wako wapi.

Pendekezo langu ni hili. Sherehe zote za uzinduzi ziahirishwe kwa miezi 12. Mgeni rasmi aje siku ambayo umeme umekatika, apewe karatasi iliyoandikwa "minyoo ya kuku", akitafute kitabu kwenye katalogi na kukitoa rafuni mwenyewe ndani ya dakika tano, bila mkutubi kumnong'oneza. Mpiga picha wenu, wakati akisubiri, apige picha ya betri, na tarehe ya kununuliwa isomeke.

Mkutubi