Mzee wa mgambo ajengewe, na ajengewe palepale alipo

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo lililonikaa rohoni tangu Februari. Mimi ni fundi mwashi hapa Masasi, mkoani Mtwara. Kazi hii nimeifanya zaidi ya miaka 30; nimejenga madarasa, maghala ya korosho, fremu za maduka na nyumba za watu wa kila hali. Ninachokuletea leo ni habari ya ukuta mmoja ulioanguka usiku.

Nyumba yenyewe ni ya mjomba wangu, ndugu wa tumbo moja na marehemu mama yangu. Anaishi kijiji kimoja upande wa Lulindi, ukweni kwake, maana kwa mila yetu mwanamume ndiye anayehamia kwa mke. Ni nyumba ya miti na fito iliyokandikwa udongo na kuezekwa nyasi, aliyoijenga kwa mikono yake alipokuwa na nguvu. Mvua ilipiga siku tatu mfululizo. Nyasi zilikuwa zimechakaa, maji yakawa yanashukia ndani ya ukuta, na miti ya chini mchwa walishaimaliza. Ukuta wa namna hiyo haumeguki kidogo kidogo. Unalala wote kwa pamoja, na huo ulilala ndani, juu ya kitanda cha mjomba. Kilichomponya ni kwamba saa ile alikuwa amejikongoja kwenda msalani.

Nilipofika asubuhi nilimkuta amekaa kwenye kigoda, amejitanda kanga ya mkaza mjomba, anatazama lile tuta la udongo. Nikataka kuanza kukitoa kitanda. Akanizuia. "Mpwa wangu, kitanda kitangoja. Nitafutie kwanza sahani yangu." Nikafukua kwa mikono mpaka nikaipata. Ni sahani ya bati ya rangi ya kijani, imebonyea ukingoni, na kwa chini zimekwaruzwa kwa ncha ya msumari herufi tatu za jina lake. Alirudi nayo kutoka vitani mwaka 1979, na mpaka leo hali chakula katika chombo kingine. Aliipangusa kwa ile kanga, akaigeuza kuziangalia herufi, ndipo akakubali kunywa uji.

Mjomba alikuwa mgambo. Majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978 na kuteka ardhi yetu kaskazini ya mto Kagera, na Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo, yeye alikuwa kijana wa miaka 24 ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa kufika Lindi mjini. Wakapakiwa lori mpaka Dar es Salaam, treni mpaka Mwanza, meli mpaka Bukoba. Ukimkalisha akusimulie, ataisimulia baridi ya kule kuliko risasi. Alivuka Kagera pale Kyaka, ambako daraja lilikuwa limevunjwa, akapita Mutukula, akaingia Uganda mpaka Masaka. Mwezi wa Machi, Lukaya, kipande cha bomu kikamwingia pajani. Kampala ilipotekwa tarehe 11 Aprili 1979 yeye alikuwa amelala wodini, habari akaisikia kwenye redio ya muuguzi.

Akarudi, wakapokewa kwa ngoma, kisha akashika jembe. Hapa ndipo penye jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Mwanajeshi wa ajira akistaafu ana pensheni yake, hata ikiwa ndogo. Mjomba na wenzake aliotoka nao hawakuwa waajiriwa. Waliitwa wakaenda, na waliobaki hai wakarudi mashambani. Kijiji kile kilitoa vijana wanne, wakarudi watatu, leo wamebaki wawili. Nyumba ya huyo wa pili nayo nimeikagua. Ukuta wake wa nyuma umeegemezwa gogo la mkorosho.

Kila tarehe 25 Julai tunaadhimisha Siku ya Mashujaa. Mikuki, ngao na maua huwekwa kwenye minara, na sisi watu wa Mtwara tuna makaburi ya Naliendele walikolazwa askari wetu waliofia Msumbiji. Sina neno na minara, naiheshimu, na ningeitwa kuupiga lipu mmoja ningekwenda mbio. Lakini tarehe 26 Julai mzee anarudi kulala kwenye nyumba ileile.

Kijana wangu anasomea ujenzi chuoni. Nilipomsimulia, akanitafutia habari za namna wenzetu walivyofanya, akanisomea mpaka usiku mwingi. Uingereza, mwaka 1916, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa bado inaendelea, mwenye kumbi za maonyesho mmoja jijini London, Oswald Stoll, alianzisha mfuko wa kuwajengea nyumba askari waliolemaa, eneo la Fulham. Kilichonigusa kama fundi ni jinsi nyumba zile zilivyopangwa: mtu aliyekatika miguu aishi humo pamoja na mke na watoto wake, ulemavu usiwatenganishe. Sehemu ya fedha ilitoka kwenye vijistempu vya bei ndogo ambavyo watu wa kawaida walivinunua na kuvibandika kwenye bahasha za barua zao. Mwaka 1928 alipofariki jemadari wao, Haig, watu wakachanga kwa kumbukumbu yake, nyumba zikajengwa katika miji mingi. Shirika la hizo nyumba za Haig liko hai na lina nyumba zaidi ya 1,500 za askari wa zamani na familia zao. Palepale London, mtaa wa Chelsea, kuna makao ya askari wazee yaliyoanza kupokea watu mwaka 1692, na hayajafungwa hadi leo.

Akili yangu ikaenda Mahiwa. Anayesafiri kutoka Masasi kwenda Lindi anapita Nyangao, na jirani tu na hapo, Oktoba 1917, vita hiyohiyo ya kina Haig ilipiganwa siku nne, Waingereza na Wajerumani wakiwatanguliza askari Waafrika, na nyuma yao wapagazi waliobebeshwa risasi na unga. Wapagazi wa vita ile walikufa kwa maelfu, kwa njaa na maradhi. Mwaka 1927 Dar es Salaam ikasimamishwa ile sanamu ya Askari tunayoijua wote. Nyumba hazikufika Nyangao.

Simdai Mwingereza kwa barua hii. Nataka wasomaji waone kwamba nyumba zile za Fulham zilianza kwa vijisenti vya watu wasio na kitu, na sisi wa kusini kuchanga kwa vijisenti tunakujua kuliko wengi, maana malipo ya korosho zetu hukatwa makato kwa kila kilo, kila msimu. Nimepiga hesabu. Nyumba ya vyumba viwili, sebule ndogo na baraza, inataka matofali ya kuchoma 4,000, mifuko 30 ya saruji (na saruji inatengenezwa hapahapa mkoani kwetu, Msijute), bati 28, mbao za kenchi na papi, milango na madirisha. Fundi akijitolea, kwa bei za huku haivuki shilingi milioni 4. Chama cha msingi cha ushirika kinachouza kilo 800,000 za korosho kwa msimu, wanachama wakikubaliana shilingi 5 tu kwa kilo katika mkutano wao mkuu, kimepata nyumba nzima ya mzee mmoja. Mimi nina mikorosho na nayachukia makato kama mkulima mwingine yeyote. Haya ningeyanyooshea mkono wa kwanza. Nguvu kazi nayo ipo: JKT limekuwa likifundisha vijana kazi za mikono tangu 1963, na Nachingwea lina kambi. Vijana 20 na fundi mmoja anayejua kazi wanainua boma kama hilo kwa wiki mbili.

Sasa nije kwenye lile ambalo hasa limenifanya nishike kalamu. Nimewasikia watu wema wakisema kijengwe kijiji kimoja cha wazee waliopigana vita, nyumba zao zote ziwe mahali pamoja, karibu na mji. Nawaomba wasifanye hivyo. Mjomba ana mikorosho 60 aliyoipanda alipotoka vitani. Ana dada wa mkewe wanaomletea ming'oko na mboga, ana msikiti wake, ana mwenzake yule wa pili wanayepiga naye bao kila jioni. Nilimwuliza mwenyewe kama atakubali kuhamia kwenye nyumba nzuri ya mjini. Akanijibu, "Mimi nilishahamishwa mara moja nikapelekwa mbali. Nikihama tena, iwe ni pale kwenye mkorosho wa kwanza," akaonyesha kwa mkongojo mahali wanapozika. Basi nyumba imfuate alipo. Itakuwa kazi kubwa zaidi kusomba saruji kwa njia za mchanga, najua, nimesomba miaka yote hii.

Na ijengwe kwa kumtazama anayeingia humo. Goti la mjomba halikunji sawasawa, kwa hiyo mlango wake nimeupanua, kizingiti nimekiondoa, na choo nakiweka chini ya paa hilohilo, na ndani yake najenga kiti cha matofali cha kukalia, na pembeni bomba la chuma la kushikilia. Haya yote hayajaongeza hata mifuko miwili ya saruji.

Kuna jambo jingine lazima niliseme ingawa linauma. Miaka michache iliyopita walipita huku watu waliojiita wa shirika la kuwajengea wazee waliopigana vita. Walikuja na gari safi, wakapima viwanja kwa futi kamba, wakapigilia vigingi. Kila mzee alitoa shilingi 5,000 ya fomu. Mjomba aliuza kuku wawili. Kigingi kimoja kipo mpaka leo, mbuzi hufungwa hapo. Kwa hiyo akija mtu leo na nia njema, wazee wanamtazama tu wasiseme kitu. Ndiyo sababu naomba majina ya wazee yasomwe hadharani kwenye mkutano wa kijiji. Wanajuana wao kwa wao nani alipanda lori mwaka 1978 na nani hakupanda, haihitajiki fomu ya kununua. Wala fedha isipite mkononi mwa mtu. Kijiji kipokee saruji, bati na mbao, vihesabiwe mbele ya watu.

Halafu wajane. Hapa Masasi mjini nina jirani, mama mmoja mwenyeji wa Tabora, aliyeolewa na askari wakiwa kambini. Mumewe alifariki akiwa kazini. Nyumba ya kambini ni ya mwenye kazi, kwa hiyo akatoka na watoto watatu. Kulikuwa na pagale ambalo marehemu alikuwa analijenga kwao, limebaki kupauliwa tu. Wakaja wapwa wa marehemu wakasema kwa mila yetu mali ya mjomba ni ya wapwa, kwa hiyo ni lao. Kwao Tabora ni mbali na wazazi hawapo tena, na kwa mume hana ukoo. Leo anapanga chumba kimoja na kuuza maandazi.

Mhariri, mimi ni mpwa. Kwa mila hiyohiyo mtu angeweza kuniambia nina sauti katika mali ya mjomba. Nasema mbele ya wasomaji wako kwamba katika nyumba ninayoijenga sitaki tofali hata moja. Nyumba yoyote itakayojengwa kwa sadaka ya watu iandikwe majina mawili, la mzee na la mkewe, mbele ya serikali ya kijiji, na mzee akitangulia mjane abaki ndani mpaka siku yake, kisha watoto. Hili lisipoandikwa mapema tutakuwa tunawajengea wapwa.

Ninapoandika, boma la mjomba limefika kwenye linta. Matofali tulichoma kwa kuni za mikorosho iliyozeeka, vijana wa kijiji walikesha na tanuri usiku mbili bila kudai senti. Kazi yangu naitoa bure, na nitaitoa bure kwa yule mzee wa pili, na kwa yeyote mwingine wa wilaya hii aliyetoka na mgambo mwaka ule, au mjane wake. Kilichobaki kwa mjomba ni bati 28 na mbao, na mvua za Desemba haziko mbali. Kwa sasa analala jikoni kwenye mkeka, ile sahani ameilaza kando ya mto wake.

Kila Jumamosi niko pale tangu saa moja asubuhi, na kamba yangu na pima maji. Atakayekuja na koleo atanikuta.

Fundi mwashi,
Mkuti, Masasi,
Mtwara