Kabla Hujanunua Msumeno wa Inchi 12

Ndugu yangu Hamadi,

Salamu nyingi, na uniwie radhi kwa kimya changu. Natumai wewe, shemeji na watoto mu wazima. Sisi huku hatujambo, tunashukuru. Habari nyingine zitasubiri, kwa sababu Zuhura amenieleza jambo lililonifanya niweke randa chini na kutafuta kalamu: kwamba umeamua kununua msumeno wa pembe wa betri (ule ambao kichwa chake hushushwa juu ya ubao na kuukata kwa pembe unayoitaka), wenye diski ya inchi 12, na kwamba utauchukua mtupu, bila betri, kwa kuwa tayari unazo zile mbili za volti 18 na ampea-saa 5 unazotumia kwenye drili. Nakuomba usilipe chochote mpaka umalize kusoma barua hii, hata ikikuchosha.

Sina ugomvi na betri, na usije ukanihesabu upande wa Salehe, ambaye bado anaapa kwamba kifaa kisicho na waya ni mwanasesere. Msumeno wa pembe ni miongoni mwa mashine zinazoelewana na betri vizuri zaidi, kwa kuwa hukatisha ubao kwa sekunde chache, kisha hupumzika wakati wewe unapima, unaweka alama na kusogeza ubao mwingine. Kupasua ubao kwa urefu wake kwenye msumeno wa meza ni habari nyingine kabisa. Pale mota hubeba mzigo kwa muda mrefu bila kupumua. Kinachonisumbua kwako ni ndoa unayotaka kuifunga kati ya diski kubwa kuliko zote na betri za drili.

Watu huuliza habari za nguvu, ukubwa wa diski na muda wa betri kana kwamba ni mambo matatu yasiyojuana, ilhali ukiligusa moja umeyagusa yote. Diski hukata kwa meno yaliyo ukingoni, lakini mota huizungusha kutoka katikati, na kadiri ukingo unavyokuwa mbali na katikati ndivyo mota inavyolazimika kukaza zaidi ili jino liume ubao kwa nguvu ileile. Ukitoka kwenye diski ya milimita 184 hadi ile ya 305, yaani hiyo ya inchi 12 unayoitaka, umbali huo unaongezeka kwa karibu theluthi mbili. Msumeno wa waya wa volti 120 na ampea 15 huvuta wati 1,800 bila kulalamika. Jaribu kuzipata wati hizo kutoka kwenye betri ya volti 18 na utahitaji ampea 100, kiasi ambacho mtu angekitarajia kwenye stata ya gari, wala si kwenye kitu kinachoshikika kwa kiganja kimoja.

Sasa tazama ndani ya betri yako. Betri ya volti 18 na ampea-saa 5 kwa kawaida ina seli kumi, yaani vijibetri vidogo vya ndani, zilizopangwa tanotano katika safu mbili. Kila seli ni ya volti 3.6, na tano zikifuatana ndipo tunapata 18. (Wanaoandika 20 juu ya boksi huipima betri ikiwa ndiyo kwanza imetoka kwenye chaja. Ni betri ileile, usiongeze hata shilingi kwa ajili ya hizo volti mbili.) Zikitakiwa ampea 100, kila safu inabeba 50. Betri ya ampea-saa 12 huwa na safu tatu za seli nene zaidi, kwa hiyo kila safu inabeba kama 33 tu. Ndiyo maana betri kubwa huupa msumeno nguvu zaidi, mbali na kuufanya ufanye kazi kwa muda mrefu. Wengi wetu tunadhani inaongeza muda peke yake, na wauzaji hawana haraka ya kutueleza vinginevyo.

Hili nililishuhudia kwenye kazi ya Salehe, alipokubali kuazima msumeno wa betri kwa shingo upande. Diski ilikuwa ya milimita 305, betri ndogo kama zako, na nguzo za mbao ngumu zenye unene wa milimita 90. Diski iliingia kwa mlio mkali na mwembamba, lakini ilipofika katikati ya nguzo mlio ule ukashuka ukawa mzito, taa za betri zikapungua kutoka nne hadi moja, na msumeno ukazimika wenyewe huku meno yakiwa bado ndani ya ubao. Tulipoachia kitufe na kungoja kidogo, taa zikarudi tatu. Betri haikuwa imeisha, ilikuwa imezidiwa. Volti zake zilianguka chini ya mzigo na mfumo wa kujilinda ukakata umeme. Salehe aliichomoa akawa anaihamisha kutoka kiganja hadi kiganja kwa jinsi ilivyokuwa ya moto, huku akihutubia karakana nzima kuhusu upuuzi wa betri. Kisha tukaweka betri kubwa ya aina hiyohiyo, msumeno uleule, diski ileile, na nguzo ikakatika moja kwa moja. Hotuba ikaishia hapo, ingawa kukiri hakukiri.

Makampuni yenyewe yanaujua mzigo huu, na ukiangalia yanavyouhangaikia utaelewa ninachokuambia. Ukizidisha volti mara mbili, ampea zinazohitajika kwa nguvu ileile hupungua kwa nusu, na joto linalopotea kwenye waya uleule hushuka hadi robo. Makita walianza kwa kuunganisha betri mbili za volti 18 ili wapate 36, kisha wakaleta kundi jingine la betri wanazoziita za volti 40, ambazo kwa hakika ni seli kumi mfululizo. HiKOKI wana betri ya volti 36 inayojipanga upya ndani na kuwa ya 18 ikiwekwa kwenye kifaa cha zamani. DeWalt walileta betri za FlexVolt mwaka 2016, na msumeno wao wa inchi 12 uitwao DHS790 ulitumia mbili kwa pamoja kufikia kile wanachokiita volti 120, tena ungeweza kuuchomeka ukutani kwa adapta betri zikiisha. Milwaukee wamebaki na volti 18 hata kwenye diski ya inchi 12, lakini wanaisindikiza na betri ya ampea-saa 12. Festool, kwa Kapex KSC 60, wametumia betri mbili za volti 18 ilhali diski yake ni ya milimita 216 tu. Njia ni tofauti, lakini kila anayeibeba diski ya 305 anaiwekea betri kubwa, au betri mbili, au volti za juu. Na wewe unataka kuiwekea betri ya drili.

Narudi kwenye diski, kwa sababu nadhani hapo ndipo uamuzi wako ulipopindia. Zuhura anasema kazi iliyo mbele yako ni fremu za milango, rafu, na mbao za kuzungushia sakafu. Katika hizo zote sioni ubao unaozidi unene wa milimita 50. Diski ya 216 hukata unene wa kama milimita 60 hadi 70. Ya 254 hufika karibu 90. Ya 305 hupita 100. Kina cha mkato huwa daima chini ya nusu ya kipenyo, maana kitovu cha diski na mwili wa mota vinakula nafasi yao, kwa hiyo usipige hesabu kwa kugawa kipenyo mara mbili halafu ukajipongeza.

Najua utaniambia kuwa unataka upana. Hapo ndipo wengi huchanganya mambo, kwa sababu upana hutokana na reli, zile ambazo kichwa cha msumeno huteleza juu yake mbele na nyuma, kuliko kipenyo. Msumeno wa 216 unaoteleza kwenye reli hukata ubao wenye upana wa takriban milimita 300, upana ambao diski kubwa isiyo na reli haiwezi kuufikia. Kumbuka pia kwamba ukiigeuza meza nyuzi 45, upana unapungua hadi kama asilimia 70 ya ule wa mwanzo. Yaani hizo 300 zinabaki 210 hivi. Ukikilaza na kichwa chenyewe, kina nacho kinashuka. Chukua ubao mpana kuliko wote utakaoukata kwa nyuzi 45, uupime, na kipimo hicho ndicho uende nacho kununua.

Diski ya inchi 12 ina heshima yake, sitaki kuidharau. Mwenye kukata nguzo za milimita 100 kwa mkupuo mmoja, au mapambo marefu ya ukutani yakiwa yamesimamishwa, anaihitaji. Lakini diski pana huyumba ukingoni kwa urahisi zaidi kuliko ndogo yenye unene uleule, na kwenye viungo vya fremu kuyumba huko utakuona kwa mwanya utakaotokea. Uzito nao si haba: misumeno midogo ya betri ina kilo 13 hivi, ile mikubwa hupita 20, na wewe ndiye uliyenilalamikia mgongo mara ya mwisho tulipoonana.

Kuhusu muda wa betri, acha kulinganisha ampea-saa peke yake. Zidisha volti kwa ampea-saa upate wati-saa, hapo ndipo utajua shehena halisi. Betri ya volti 36 na ampea-saa 2.5 ina wati-saa 90, sawasawa na ya volti 18 na ampea-saa 5. Ya volti 18 na ampea-saa 12 ina 216. Zile idadi za mikato zinazoandikwa kwenye maboksi ni za kweli kwa namna yake, ila hupatikana kwa mbao laini, diski mpya na betri kubwa inayotajwa kwa maandishi madogo chini. Ubao mgumu, ubao mbichi au diski butu vitakula idadi hiyo bila huruma.

Halafu kuna gharama ambayo haionekani, nayo ni ya kuizungusha diski kutoka kusimama hadi mwendo kamili kila unapobonyeza kitufe. Kwa unene uleule na mizunguko ileile kwa dakika, nishati inayowekwa kwenye diski hupanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo. Diski ya 305 hudai takriban mara mbili ya ile ya 254, na ya 254 nayo karibu mara mbili ya ile ya 216. Breki ya umeme ikiisimamisha, unaanza kulipa upya. Kwa kazi ya vipande vingi vifupi, kama yako, unaweza kumaliza sehemu kubwa ya betri kwa kuwasha na kuzima tu. Ukibana mbao mbili au tatu pamoja na kuzikata kwa mara moja, utaona tofauti siku hiyohiyo.

Usiisahau diski yenyewe. Ya kawaida huacha njia ya karibu milimita 3, na nyembamba huacha 2 au pungufu. Theluthi moja ya ubao uliotakiwa kugeuka unga inabaki ubao, na betri inashukuru. Meno 40 yatakutosha kwa fremu, 60 kwa mbao zitakazoonekana, na kwa msumeno wa reli tafuta meno yaliyoelemea nyuma kidogo ili yasiurukie ubao. Angalia tundu la katikati lilingane na la msumeno wako, na mwendo ulioandikwa juu ya diski usiwe chini ya ule wa mota. Na betri uitoe kabla ya kubadilisha diski. Hili nakuandikia kwa sababu nakujua.

Ushauri wangu basi ni huu: chukua wa 216 wenye reli na mota isiyo na brashi. Ikiwa upo wa kampuni ileile ya betri zako, hizo ampea-saa 5 zitausukuma kwa heshima kwenye mbao za milimita 50. Ukiona mbele yako kuna nguzo za milimita 90, panda hadi 254 na ununue angalau betri moja kubwa. Ile ya 305 niachie mimi nikuazimie, nitajua nitakavyomshawishi Salehe.

Sasa nijibu haya, tafadhali, na usinijibu kwa salamu tupu. Betri zako ni za kampuni gani, na msumeno unaoutaka ni wa kampuni hiyohiyo? Zina umri gani, na zikitoka kazini huwa vuguvugu tu au moto wa kuogopesha? Ubao wako mpana kuliko wote una milimita ngapi, na je, utaukata kwa nyuzi 45 au kwa mraba tu? Umeme unapatikana pale unapofanyia kazi, hata kwa saa chache za kuchaji? Je, Mbaruku bado ana ule wa 254 wa reli, na ungeweza kumwomba akuruhusu ukatie fremu moja nzima kabla hujaamua? Na huyo muuzaji amekuahidi kukungojea hadi lini?

Nasubiri majibu yako. Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi nduguyo,
Rajabu