Swichi za hospitali zipangwe kabla mkandarasi hajalipwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalopuuzwa sana hospitali zetu zinapofungiwa mitandao ya kompyuta. Utakuta swichi ya matundu 24, yaani kifaa kinachounganisha kompyuta kwa kebo, imewekwa kabatini, na humo humo zimechomekwa kebo za mapokezi, maabara, famasi, uhasibu na kamera za ulinzi, pamoja na ya kifaa cha waifai wanachotumia ndugu wa wagonjwa. Kwa kawaida swichi hutoka kiwandani matundu yake yote yakiwa katika mtandao mmoja, VLAN (mtandao pepe) namba 1, hivyo isipoguswa, simu ya mtu aliyekuja kumwona mgonjwa inakuwa mtandao mmoja na kompyuta yenye majibu ya vipimo vya watu.

Dawa imo ndani ya swichi yenyewe, ilimradi iwe ya aina inayokubali kupangwa. Fundi huunda mitandao pepe, yaani mitandao inayotenganishwa ndani ya swichi ile ile, tuseme namba 10 ya matibabu, 20 ya uhasibu na 30 ya wageni, kisha kila tundu huliingiza katika mtandao wake. Tundu linalokwenda kwenye swichi nyingine au kwenye ruta (kifaa kinachopitisha data kati ya mtandao na mtandao) hubeba mitandao yote, na data inayopita hapo hutiwa alama ya baiti 4 inayotaja namba ya mtandao wake, kwa kufuata kiwango cha 802.1Q ambacho IEEE, taasisi ya kimataifa ya wahandisi inayoweka viwango vya mitandao, ilikitoa mwaka 1998. Ndiyo maana swichi za kampuni mbalimbali huelewana. Hakuna kebo mpya inayovutwa wala ukuta unaotobolewa.

Hata hivyo, kugawa peke yake hakutoshi. Ruta ikiachwa ipitishe kila kitu kutoka namba 30 kwenda namba 10, mgawanyo huo ni wa jina tu, kwa hiyo ni lazima iwekewe masharti ya kuzuia. Vilevile, katika swichi nyingi mpangilio mpya hukaa kwenye kumbukumbu ya muda mpaka fundi auhifadhi. Asipofanya hivyo, siku umeme utakapokatika swichi itawaka na mpangilio wa zamani, na huenda asitambue mtu, kwa sababu intaneti inaweza kuendelea kupatikana kama kawaida. Kwa nchi yenye umeme kama wetu, hili si jambo dogo.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kwa msingi huo, nawaomba waganga wafawidhi na maofisa ugavi waandike katika mikataba kwamba malipo ya mwisho hayatatolewa mpaka mkandarasi akabidhi orodha ya matundu na mitandao yake, ajaribu mbele yao kuifikia kompyuta yenye kumbukumbu za wagonjwa kupitia waifai ya wageni na kushindwa, kisha azime swichi, aiwashe, na kurudia jaribio hilo hilo.

Wako,
Fundi wa mitandao,
Morogoro